Sungura Ana Uhusiano Gani na Kuziba kwa Mkojo?

Kila mwaka ukurasa huu wa masomo huletewa ngeli, methali na uchambuzi wa mashairi. Mwaka huu mlezi wa chama ametukubalia tulete pia somo la sayansi, mradi liandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi tamati. Nami nimechagua somo ambalo wengi hulionea haya, nalo ni kuziba kwa njia ya mkojo, na jinsi wataalamu wanavyotumia wanyama kuuchunguza ugonjwa huo.

Kabla hujafungua ukurasa mwingine, hebu ngoja kidogo. Najua mkojo si neno la kutamkwa mezani. Tumefundishwa tafsida darasani: husemi mtu anakojoa, husema amekwenda haja ndogo. Hiyo ni adabu nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wapo wazee katika vijiji vyetu wanaoumia miaka na mikaka kwa sababu ya haya tu. Kwa hiyo katika somo hili nitaviita vitu kwa majina yake, na naomba nisieleweke vibaya.

MRIJA WENYEWE

Tuanze na yale tuliyosoma katika Biolojia. Figo mbili huchuja damu na kutengeneza mkojo, takriban lita moja na nusu kwa siku kwa mtu mzima. Mkojo huo hushuka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu. Kibofu kikijaa, kama mililita 400 au 500 hivi, msuli wake hujikaza na kuusukuma mkojo nje kupitia mrija mmoja wa mwisho. Huu wa mwisho ndio mrija tunaouzungumzia leo. Kwa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi. Kwa mwanamume una sentimita 18 hadi 20, tena una kona. Ndiyo sababu ugonjwa huu huwapata wanaume zaidi sana kuliko wanawake.

Ukuta wa mrija una tabaka. Ndani kabisa kuna ngando laini isiyoruhusu mkojo kupenya. Nje ya ngando hiyo, kwa mwanamume, kuna nyama laini iliyojaa mishipa midogo ya damu, mithili ya sponji. Likumbuke tabaka hili la sponji, kwa maana litarudi mbele tutakapomchagua mnyama.

NJIA HUZIBAJE?

Kila mmoja wetu ana kovu mahali fulani gotini au kwenye kiwiko. Litazame kovu lako. Ni gumu, linang'aa, na limeivuta ngozi ya pembeni kuelekea katikati. Mwili ukijeruhiwa hujenga nyuzi za protini iitwayo kolajeni ili kuziba pengo, na nyuzi hizo zikikomaa hujikunja. Gotini haidhuru kitu. Lakini fikiria kovu la namna hiyo limeuzunguka mrija kama pete. Likijikunja, linaubana mrija kama mdomo wa mfuko unavyobanwa na kamba yake. Sponji niliyoitaja hapo juu hugeuka ikawa ngumu, na njia inabaki nyembamba.

Mambo yanayoleta kovu hilo ni haya:

(a) Kuumia. Mtu akianguka na kutua juu ya chuma cha baiskeli, ukuta au tawi huku miguu imetanuka, mrija hupondwa dhidi ya mfupa wa nyonga. Ajali za barabarani zinazovunja nyonga pia hukata mrija.

(b) Kisonono kisichotibiwa. Zamani, kabla ya dawa za kuua bakteria, hiki kilikuwa chanzo kikubwa sana.

(c) Vyombo vya hospitali. Mpira wa mkojo ukiingizwa vibaya, au ukikaa muda mrefu, huweza kuichubua ngando ya ndani.

(d) Magonjwa fulani ya ngozi, kasoro za kuzaliwa nazo, na mara nyingine chanzo hakijulikani kamwe.

Tafadhali usichanganye ugonjwa huu na ule wa tezi dume. Tezi dume hukua na kuubana mrija kutoka nje, na aghalabu ni maradhi ya uzeeni. Kovu liko kwenye mrija wenyewe na laweza kumpata hata kijana wa miaka 20.

HESABU KIDOGO

Wale wa Fizikia msilale. Kuna kanuni ya mtiririko katika bomba isemayo kwamba msukumo ukiwa ule ule, kiasi cha maji kinachopita hutegemea kipenyo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Tuseme bomba lina kipenyo cha milimita 8, kisha lipungue hadi milimita 4, yaani nusu. Je, maji yatapungua kwa nusu? La hasha! Mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni 16. Maji yatabaki sehemu moja ya 16.

Kweli, kanuni hii ni ya bomba refu lenye wembamba ule ule mwanzo hadi mwisho, nalo kovu huwa fupi. Tena kibofu si tangi, kwani kina msuli na husukuma kwa nguvu zaidi kikikuta kizuizi. Kwa hiyo mwanzoni mgonjwa haoni tofauti kubwa. Mara nyingi dalili hazijitokezi wazi mpaka njia imebaki na upana wa milimita 3 au 4 hivi. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu akianza kulalamika, ugonjwa umeshakwenda mbali.

Kijana mwenye afya hutoa zaidi ya mililita 15 za mkojo kwa sekunde anapofikia kasi yake ya juu. Anayeshindwa kufikia mililita 10 hutiliwa shaka. Atajikamua, atakaa chooni muda mrefu, atahisi kibofu hakijaisha. Mkojo unaobaki ndani hualika bakteria na mawe. Mwisho wake figo zenyewe huharibika.

TIBA ZILIZOPO NA UPUNGUFU WAKE

Tiba ya kwanza ni kongwe kuliko karatasi. Waganga wa India ya kale waliingiza vijiti laini vilivyopakwa samli ili kuipanua njia. Hata leo madaktari hutumia vyuma laini vya unene tofauti, wakianza na chembamba na kupanda polepole.

Ya pili ni kulikata kovu kwa ndani. Mwaka wa 1974 daktari Hans Sachse wa Ujerumani alieleza jinsi ya kufanya hivyo kwa kisu kidogo, daktari akiona kwa macho kupitia kioo.

Ya tatu ni upasuaji wa kuujenga mrija upya. Kovu huondolewa, na likiwa refu hushonewa kipande cha ngando ya ndani ya shavu. Usicheke! Ngando ya mdomo imezoea unyevu, haina nywele, na hupona haraka. Kirill Sapezhko wa Kyiv alieleza upasuaji wa namna hiyo mwaka wa 1894, kisha jambo hilo likasahaulika kwa miaka mingi kabla ya kurudi na kuenea katika miaka ya 1990.

Sasa mbona utafiti unaendelea ikiwa tiba tatu zipo? Kwa sababu kovu hurudi. Hapa Afrika, madaktari wa Afrika Kusini waliwagawa wagonjwa 210 katika makundi mawili, wengine wakapanuliwa kwa vyuma na wengine wakakatwa kwa ndani. Walitoa matokeo yao mwaka wa 1997. Hapakuwa na tofauti ya maana kati ya njia hizo mbili. Kwa makovu yasiyozidi sentimita 2, takriban wagonjwa 40 kwa kila 100 walizibwa tena katika mwaka mmoja. Kwa makovu ya zaidi ya sentimita 4 walikuwa 80 kwa kila 100. Kila ukilikata kovu umefanya jeraha jipya, na jeraha jipya huzaa kovu jipya. Upasuaji wa kuujenga mrija hudumu zaidi, lakini unahitaji bingwa aliyesomea kazi hiyo, na mabingwa si wengi.

Haya siyasomi vitabuni tu. Babu yangu mzaa mama ana ugonjwa huu, naye amenipa ruhusa niandike, mradi nisitaje jina lake. Alianguka mtini akiwa kijana, akatua juu ya ua la mbao. Hakumwambia mtu. Miaka mingi baadaye akaanza kukaa chooni hadi sisi wajukuu tukadhani anasali huko. Amepanuliwa kwa vyuma mara nne. Usiku mmoja mwaka jana mkojo ulikataa kabisa, tumbo likavimba likawa gumu kama ngoma. Mjomba alimpakia kwenye pikipiki alfajiri, na hospitalini wakamtoboa chini ya kitovu na kumpitishia mpira. Alikaa na mpira huo miezi mitano akisubiri nafasi ya upasuaji. Mzee aliyekuwa akitembea kifua mbele akawa hatoki uani kwa aibu ya ule mfuko. Basi mtu akiniuliza kwa nini nimechagua somo hili, jibu langu ni hilo.

MNYAMA WA KIELELEZO NI NINI?

Mnyama wa kielelezo ni mnyama anayefanywa apate ugonjwa unaofanana na wa binadamu ili ugonjwa huo uchunguzwe tangu siku ya kwanza. Mgonjwa kama babu hufika hospitalini kovu likiwa limekomaa zamani. Hakuna aliyeliona likianza. Tena kila mgonjwa ana lake: huyu kovu la nusu sentimita, yule la sentimita tano, huyu alianguka, yule alikuwa na kisonono. Ukimpa mmoja dawa hii na mwingine dawa ile, kisha mmoja akapona, utajuaje kama ni dawa au ni kovu lenyewe lilikuwa dogo? Katika maabara tunafundishwa kubadilisha kitu kimoja tu na kuviacha vingine vyote kama vilivyo. Kwa wagonjwa wa hospitalini hilo ni gumu. Na hakuna anayeweza kumjeruhi mtu makusudi, wala kumkata kipande cha mrija kila wiki akakitazame kwa hadubini.

Lakini si kila mnyama afaaye. Anayetafutwa anapaswa kutimiza masharti haya:

1. Mrija wake uwe na tabaka kama zetu, hasa ile sponji.

2. Mrija uwe mpana kiasi cha kupitisha kamera na vyombo.

3. Jeraha liweze kufanywa kwa kipimo kimoja kwa wanyama wote.

4. Kovu lidumu. Kama linapona lenyewe, dawa yoyote itaonekana nzuri, hata maji ya kisima!

5. Njia isizibe kabisa, kwa maana mnyama atakufa kabla ya kutufundisha chochote.

6. Awe anatunzika bila gharama ya kupindukia.

Sharti la nne na la tano ndiyo yanayosumbua. Ukichoma upande mmoja tu wa mrija, aghalabu jeraha hupona na njia hubaki wazi. Ukizidisha, njia inafunga. Wataalamu hutembea katikati ya hayo mawili.

WANYAMA WENYEWE

Panya wa maabara. Ni rahisi kumtunza na wengi wanaweza kuchunguzwa kwa pamoja. Mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane, Marekani, walidunga ukuta wa mrija wa panya kwa protini ambayo mwili hutumia kuziamuru seli zitengeneze kolajeni. Kovu likatokea. Hiyo ilionyesha kwamba amri ya protini hiyo inatosha kuanzisha ugonjwa. Ubaya wa panya ni udogo wake. Kamera za kawaida hazipiti.

Sungura. Huyu ndiye anayetumika sana. Mrija wa sungura dume una sponji, hauna mfupa unaoubana kama ulivyo wa mbwa, na hupitisha kamera nyembamba ya milimita 3 hivi iliyotengenezewa watoto wachanga. Mwaka wa 1999 kikundi cha watafiti wa Paris, Ufaransa, kilieleza jinsi ya kutengeneza kovu la mrija kwa sungura kwa kuuchoma kwa umeme huku wakiona kwa kamera. Tangu hapo wengi wamefuata mtindo huo. Sungura wanaotumiwa mara nyingi ni wale weupe wenye macho mekundu waitwao New Zealand White, aina ile ile tunayofuga wengi wetu hapa Kenya.

Mbwa. Ukubwa wake unafaa, lakini dume ana mfupa ndani ya uume, na mrija umelala katika mfuo wa mfupa huo. Sehemu hiyo haitanuki. Aidha, watu wengi humwona mbwa kama jamaa wa nyumbani, kwa hiyo hatumiki ovyo.

Nguruwe mdogo. Wapo nguruwe waliozalishwa wakabaki wadogo kwa ajili ya maabara. Mwaka wa 2012 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walilinganisha njia mbalimbali za kuleta kovu kwa nguruwe hao na kutazama kwa hadubini ni lipi linalofanana zaidi na la binadamu. Ukubwa wa mrija wao unakaribia wetu. Ugumu ni kwamba mrija wa nguruwe dume una mkunjo kama herufi S, hivyo vyombo havipiti kwa urahisi kutoka mbele.

Mtauliza, mbona si mbuzi, na wamejaa kote? Beberu naye ana mkunjo kama huo, na mwishoni ana kijimrija chembamba mno. Wafugaji wanajua kwamba dume aliyehasiwa akilishwa nafaka nyingi huziba mkojo kwa mawe. Lakini hilo ni jiwe, si kovu. Huo ni ugonjwa mwingine.

KIELELEZO HUTENGENEZWAJE?

Nitaeleza kwa hatua, nikimchukua sungura.

Kwanza, sungura dume wazima wenye afya hupimwa. Mrija hujazwa maji maalumu yanayoonekana kwenye eksirei, picha hupigwa, na upana wa kawaida huandikwa.

Pili, sungura hupewa nusukaputi ili asihisi chochote. Kamera huingizwa, na sehemu ya mrija, aghalabu ya sentimita moja hivi, huchomwa kwa umeme kuizunguka pande zote.

Tatu, hupewa dawa za maumivu na kuangaliwa kila siku: anakula? anakojoa? amenyong'onyea?

Nne, baada ya wiki mbili hadi nne eksirei hupigwa tena, na upana mpya hulinganishwa na ule wa kwanza. Kumbuka ile hesabu yetu. Hapa hata nusu milimita ina maana.

Tano, sungura wenye kovu hugawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja hupata tiba inayojaribiwa, jingine halipati. Bila kundi la pili hakuna jambo linalothibitishwa.

Sita, na hapa sitatumia tafsida, sungura huuawa bila maumivu na mrija hukatwa vipande vyembamba. Vipande hutiwa rangi maalumu inayoifanya kolajeni iwe ya buluu na misuli iwe nyekundu. Ukiona buluu imetanda mahali palipokuwa na sponji, hilo ndilo kovu.

MATUNDA YAKE

Je, kazi yote hiyo imemsaidia mtu? Naam. Nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza ni wa kuotesha mrija. Watafiti wa Marekani walitumia sungura kujaribu neli za kolajeni. Mwaka wa 2008 walionyesha kwamba neli tupu, isiyo na seli, hujengewa mrija wa kawaida ikiwa pengo ni nusu sentimita tu. Pengo likizidi hapo, kovu linarudi. Lakini utafiti mwingine wa sungura ulikuwa umeonyesha kwamba neli ikipandwa seli za mnyama mwenyewe kwanza, pengo refu zaidi huzibika vizuri. Elimu hiyo ndiyo iliyowafikia wavulana watano wa miaka 10 hadi 14 huko jijini Mexico, ambao mirija yao ilikuwa imeharibika. Kati ya mwaka wa 2004 na 2007 walichukuliwa kipande kidogo cha kibofu, seli zikaoteshwa juu ya neli, kisha neli zikashonewa mwilini mwao. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2011. Miaka kadhaa baada ya upasuaji, mirija hiyo ilikuwa bado inafanya kazi.

Mfano wa pili ni puto lenye dawa. Puto dogo huingizwa, hujazwa ili kuipasua njia, na wakati huo huo hupaka ukutani dawa iitwayo paklitakseli, ambayo huzuia seli za kovu kuongezeka. Katika Chuo Kikuu cha Patras, Ugiriki, sungura walitumika kupima jinsi dawa hiyo inavyopenya tabaka za mrija. Desemba 2021 serikali ya Marekani iliidhinisha puto la aina hiyo, Optilume, litumike kwa wanaume.

UPUNGUFU WA KIELELEZO

Lisemwalo lipo, lakini tusizidishe. Sungura si mtu mdogo mwenye masikio marefu. Yeye ni kijana, ana afya, na jeraha lake lina wiki nne. Kovu la babu lina miaka mingi. Kovu la kuchomwa kwa umeme si sawa na lililoletwa na kisonono. Mkojo wa sungura una chokaa nyingi na ni mzito, ndiyo maana huacha alama nyeupe kwenye kizimba. Hutembea kwa miguu minne, sisi kwa miwili. Kwa hiyo dawa iliyomponya sungura imepewa tu ruhusa ya kujaribiwa zaidi. Ziko nyingi zilizong'aa kwa wanyama zikafifia kwa wagonjwa.

JE, NI HAKI?

Katika mdahalo wetu wa muhula wa pili jambo hili lilizua kelele si haba. Mimi nafuga sungura. Wao ndio walionunua sare yangu ya Kidato cha Kwanza. Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Wewe unawachinja na kuwauza kila Krismasi, leo una uchungu gani na wa maabara?" Swali lilinichoma, na nimelifikiria sana. Jibu langu ni kwamba kumla mnyama hakunipi ruhusa ya kumtesa. Nikimchinja namchinja mara moja kwa kisu kikali. Yule wa maabara anaishi na jeraha kwa wiki kadhaa, kwa hiyo anadai uangalifu zaidi.

Mwaka wa 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kanuni tatu ambazo maabara nyingi duniani zinazifuata. Moja, ukiweza kupata jibu bila mnyama, usimtumie. Mbili, ukilazimika, tumia wachache iwezekanavyo. Tatu, punguza maumivu kwa kila njia. Hapa Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haimruhusu mtu kufanya majaribio juu ya wanyama bila leseni. Na Desemba 2022 Marekani ilibadilisha sheria yake ili dawa mpya zisilazimike kupitia kwa wanyama ikiwa ipo njia nyingine ya kuaminika, kama vile seli za binadamu zilizooteshwa.

Nilimsomea babu rasimu ya makala haya. Alisikiliza kimya hadi nilipofika kwenye umeme, akanikatiza.

"Mjukuu wangu, hao sungura walitiwa dawa ya usingizi?"

"Ndiyo, babu. Na ya maumivu baadaye."

"Basi wametendewa kuliko mimi," akasema. "Mimi mara ile ya kwanza sikutiwa kitu." Akanyamaza, kisha akaongeza, "Ukiandika, waambie vijana wasifiche. Mimi nilificha."

Babu alifanyiwa upasuaji mwezi wa Aprili. Mpira umetolewa. Daktari alimwambia arudi apimwe kila baada ya miezi, kwa maana kovu halisahau.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kuziba kwa mrija wa mkojo ni kazi ya kovu, na kwamba kovu hurudi kila likikatwa. Ili kulielewa kovu likianza, wataalamu humhitaji mnyama ambaye mrija wake unafanana na wetu, na sungura amewafaa zaidi. Msimamo wangu ni kwamba utafiti huu unafaa kuendelea, ila kwa masharti yale matatu, na si kwa kumrudia sungura kwa swali ambalo tayari lina jibu.

Kwenu wavulana wenzangu: ukianguka ukaumia sehemu hizo, au ukiona damu, au mkojo umekuwa uzi, mwambie mzazi, mwalimu au mwuguzi siku hiyo hiyo. Nanyi wasichana, mna baba na babu. Waulizeni kwa upole.

MSAMIATI

Hadubini – chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.
Kibofu – mfuko wa mwilini unaohifadhi mkojo.
Kolajeni – protini yenye nyuzi ngumu zinazojenga kovu.
Nusukaputi – dawa ya kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji.
Tafsida – kutumia neno la adabu badala ya neno kali.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya ugonjwa wa tezi dume na kovu la mrija wa mkojo.
2. Bomba la milimita 9 limepungua hadi milimita 3. Kwa kanuni tuliyoieleza, maji yatabaki sehemu ngapi?
3. Kwa nini kovu linalopona lenyewe haliwezi kutumika kupimia dawa?
4. Taja mambo mawili yanayomfanya sungura afae kuliko mbwa, na mawili yanayomtofautisha na binadamu.
5. "Tafsida huokoa heshima lakini huweza kupoteza maisha." Jadili.